Nilivyouziwa Mpira Wangu Mwenyewe

Kijana alikuwa ametoka bwawani muda huo huo. Kaptura imemganda mapajani, mkononi ameshika mfuko wa wavu, ule wa kuuzia vitunguu, umejaa mipira ya gofu inayochuruzika maji.

"Madam, chagua. Mmoja mia, mitatu mia mbili hamsini."

Nikatumbukiza mkono, nikatoa wa kwanza. Ulikuwa mweupe bado, na chini ya namba yake ulikuwa na vitone vitatu vyekundu vilivyokaa kama mafiga. Vitone hivyo naviweka mimi, kwa rangi ya kucha, kila Ijumaa usiku nikitayarisha mkoba. Ulikuwa mpira wangu. Nilikuwa nimeuzamisha Jumapili iliyotangulia, papo hapo, shimo la saba. Nikamwambia. Akaangalia vitone, akaangalia kucha zangu, akacheka.

"Basi huu nitakupatia themanini."

Nikalipa themanini. Kedi wangu, yaani mbeba mkoba wangu, ambaye klabu nzima inamwita Mzee ingawa hajafika miaka 60, alisimama kando na mkoba begani akitazama vilele vya miti, kama mtu ambaye hakusikia chochote. Tulipofika mbali ndipo akasema, "Madam, huo umelala majini wiki nzima. Ungeusamehe tu."

Kwa kazi, mimi ni mkadiriaji wa hasara za magari. Kampuni za bima hunituma kwenye magereji ya Industrial Area, Nairobi, kuangalia magari yaliyogongana, na mimi ndiye husema hili litengenezwe, hili limekufa, mwenyewe alipwe. Nimeifanya kazi hiyo miaka 16. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuona haya: mtu anayeamua uhai na kifo cha lori la tani kumi alikuwa hajui mpira wa gramu 46 hufa lini.

Miaka yangu miwili ya kwanza uwanjani sikuchagua mpira hata siku moja. Mipira ilinijia. Mmoja niliuokota vichakani, mwingine nilipewa kwenye mashindano ya benki ukiwa na nembo ya benki, mwingine shemeji aliniletea kutoka Dubai. Siku moja, nikisubiri zamu ya kuanza, nilimwaga mkoba wote nikahesabu aina 11. Nilijisifu kidogo, nikaona nina akiba. Mzee hakuona akiba. Aliniuliza kama kwenye gari langu naweza kufunga magurudumu manne ya saizi nne, halafu nilalamike kwamba usukani unavuta upande.

Kanuni zenyewe hazibani sana. Mashirika mawili yanayosimamia gofu duniani, R&A na USGA, yanataka mpira usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Ndani ya mipaka hiyo, na mingine michache ya kasi na umbali, kila mtengenezaji anapika anavyojua. Ukiupasua (nimepasua kadhaa kwa msumeno wa fundi wangu wa magari, na sikushauri ufanye hivyo jikoni) utakuta habari yote imo katika tabaka. Mipira ya bei nafuu huwa na mbili, yaani kiini kikubwa cha raba ngumu na ganda la plastiki kakamavu, mara nyingi ile inayoitwa Surlyn. Mipira ya gharama huwa na tatu, nne au tano, na ganda lake la nje ni yurethani, kitu laini na chembamba ambacho fimbo hukishika na kukizungusha.

Kama wengi, nilidhani gharama ndiyo ubora. Nikaenda dukani nikanunua dazeni ya mipira ile ile wanayochezea wanaume wa televisheni, nikalipa zaidi ya shilingi 7,000. Piga hesabu: kila nikiinua fimbo, karibu shilingi 600 zimekaa pale kwenye nyasi zikinitazama. Na nyasi zetu mnazijua. Huku ndiko kwao nyasi ya Kikuyu, iliyozaliwa katika nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki kabla haijasafirishwa kwenda viwanja vya California na Australia. Pembeni ya feawei, ile njia ya nyasi fupi inayoelekea shimoni, msimu wa mvua, humeza mpira mbele ya macho yako. Unauona ukianguka, unakwenda pale pale, haupo. Tangu 2019 unaruhusiwa dakika tatu za kutafuta badala ya tano za zamani. Dakika tatu zikiisha, rudi ulikotoka na pigo moja la adhabu.

Dazeni ile ilikwisha kwa raundi tatu. Lakini hasara kubwa haikuwa fedha. Nilianza kuipiga kwa woga. Mikono ilijua bei. Kila nilipofika shimo la saba niliurudisha mpira mzuri mkobani, nikatoa mkuukuu fulani uliokwaruzika ili bwawa liule huo. Na bwawa lilikula, kila mara, maana mtu anayeshika mpira wa kutupa huupiga kama mtu anayetupa.

Ndipo Mzee akanipa somo ambalo ningepaswa kulipia. Jioni moja, uwanja ukiwa mtupu, aliangusha mipira mitatu ya aina tatu kiasi cha mita 30 kutoka grini, ule uga wa nyasi laini wenye shimo na bendera, akanipa weji, fimbo ya mapigo mafupi ya kuinua mpira. Piga. Wa kwanza, wa yurethani, ulianguka, ukaruka mara moja, ukasimama kama umeitwa jina. Wa pili, wa tabaka mbili, ulianguka pale pale ukaendelea na safari mpaka ukingo wa mbali. Wa tatu ulikuwa katikati ya hao.

"Watu huchagua mpira kwa draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza," akasema. "Kwa draiva hii yote karibu ni ndugu. Anzia grini, urudi nyuma."

Nikafurahi, nikadhani nimeruhusiwa kurudi kwenye ile ya shilingi 7,000. Kumbe alikuwa bado. "Sasa niambie ukweli. Wewe, ukiwa mita 30, kwa kawaida unapiga juu ama unauburuza?" Nauburuza. Handikapu yangu, yaani mapigo ya ziada ninayoruhusiwa, ni 27, na silaha yangu karibu na grini ni chuma nane, fimbo ya chuma namba nane, mpira unateleza chini chini kama panya kuelekea shimoni. "Basi breki unayoinunua huitumii."

Ninaandika hayo kwa sababu matangazo yanasema kinyume. Yanasema mpira laini ni wa wapigaji wa polepole na wanawake, mpira mgumu ni wa wenye nguvu, na vifurushi vingine vinapakwa rangi ya waridi ili nisipotee njia dukani. Nimepiga migumu na milaini. Tofauti niliyoihisi ni ya mlio na ya mkono, hasa nikisukuma kwenye grini. Umbali haukubadilika kiasi cha kunibadilishia fimbo. Chukua unaoupenda kuusikia. Kuhusu rangi, nilichagua njano, na si kwa ajili ya urembo. Mwezi wa Oktoba mijakaranda ya Nairobi ikimwaga maua, ardhi yote chini yake huwa zambarau, na jaribu kutafuta mpira mweupe uliotiwa kivuli hapo ndani ya dakika tatu.

Kwa hiyo nikatulia kwenye mpira mmoja: tabaka mbili, njano, nusu ya bei ya ile dazeni ya fahari. Sitataja jina, si kwa siri, bali kwa sababu wako hautakuwa huo. Kilichonisaidia zaidi ya aina yenyewe ni kuacha kuchanganya. Baada ya miezi miwili na mpira mmoja, mkono ulianza kukumbuka. Nilijua mpira ukianguka hapa utateleza hatua ngapi.

Lakini mimi ni Mnairobi, na Mnairobi hawezi kupita mitumba bila kuangalia.

Mipira iliyotumika ina soko lake, na soko hilo lina daraja kama mitumba ya Gikomba. Ile iliyopotea baada ya mapigo mawili, bado inang'aa, ndiyo kamera, kama nguo ya kwanza kutoka kwenye mtumba unaofunguliwa alfajiri. Kisha ile yenye mikwaruzo midogo na nembo za kampuni. Mwisho ile ya kufanyia mazoezi tu. Kamera ya mpira mzuri kwa shilingi 150 ni biashara safi, na sioni aibu kuinunua. Swali la pekee ni uliishi wapi kabla ya kufika kwako. Maji huingia polepole kwenye ganda, na mpira uliokaa matopeni miezi mingi hupoteza uhai ambao jicho halioni. Ukiwa na doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni, uache. Ule wangu wa shilingi 80, siku saba majini, nadhani Mzee aliuonea tu.

Kilichonishika si maji. Kilikuwa rangi, na hapo ndipo ninapoona aibu hasa.

Muuzaji mmoja, ambaye simtaji, aliniletea dazeni mbili za mipira ya jina kubwa kwa bei ya kupendeza. Imefungwa vizuri, nyeupe pe, herufi nyeusi zimekolea. Nilishika mmoja, nikaugeuza kwenye mwanga, nikalipa. Uwanjani haikupanda. Niliipiga sawasawa, nasikia mlio mzuri, halafu inainuka kidogo na kuzama mapema kama ndege aliyekumbuka kitu nyumbani. Nikailaumu mikono. Nikalaumu upepo. Shimo la nne, weji yangu ikabandua kipande cha rangi kama ganda la yai. Chini yake kulikuwa na mpira wa kijivu, mzee, na herufi mbili za jina la mtu zilizoandikwa kwa kalamu.

Kazini natembea na sumaku ndogo mfukoni. Gari likiletwa linang'aa na mwenye gari akiapa kwamba halijawahi kuguswa, napitisha sumaku ubavuni. Penye bati inashika. Penye puti ya kuziba palipogongwa inaanguka. Nimekamata Probox ngapi kwa sumaku ile, sijui. Na bado nilisimama kwenye feawei na mpira uliopigwa rangi upya mkononi, nimenunua 24.

Mzee hakucheka, na hilo likaniuma zaidi. Alichukua mpira, akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya vibonyeo, vile vishimo vidogo vilivyojaa kwenye ngozi ya mpira. Kwenye mpira wa halali, ukucha hukwama kidogo kila ukingo, krr krr krr. Kwenye ule uliteleza. Rangi ilikuwa imejaza. Kibonyeo kimoja kina kina cha kama robo ya milimita tu, kwa hiyo tabaka la rangi ambalo ungeliona si kitu limekwisha kuharibu hesabu yote.

Maana vibonyeo si urembo. Mpira laini kabisa, usio na vibonyeo, ungekwenda karibu nusu tu ya umbali. Hewa huachana mapema na mpira laini na kuacha nyuma yake mkia mpana wa msukosuko unaouvuta. Vibonyeo, 300 hadi 400 hivi kwa mipira mingi, huichezesha ile hewa iliyo karibu na ngozi ya mpira, nayo ikang'ang'ania mpaka nyuma zaidi, mkia ukawa mwembamba. Na kwa kuwa mpira unazunguka kinyumenyume, hewa husukumwa chini na mpira hupata kuinuliwa.

Na hili lilinifurahisha kuliko yote nilipolijua: waliogundua siri hiyo hawakuwa wataalamu, walikuwa watu wa mipira chakavu. Katikati ya karne ya 19, kuanzia kama 1848, Waskoti waliacha mipira ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya wakaanza kutumia ya utomvu wa gutta-percha kutoka Malaya. Ilikuwa rahisi, na laini kama yai. Mpya iliruka vibaya. Ile iliyokwisha kukatwakatwa na vyuma iliruka vizuri zaidi. Wachezaji wakaona, wakaanza kuigongagonga kwa nyundo kabla ya kucheza, kuizeesha kwa makusudi. Mwaka 1898 Mmarekani Coburn Haskell akaja na mpira wa uzi wa raba uliozongwa kwenye kiini, na 1905 Mwingereza William Taylor akaomba hataza ya vibonyeo vya kuingia ndani badala ya vinundu vya kutoka nje. Kumbe kulikuwa na zama ambapo mpira mzee ulikuwa na thamani kuliko mpya, na swali langu lote lingeulizwa kinyume.

Sasa, lini ubadilishe? Kwangu jibu la kwanza ni la kuchekesha: huna haja ya kuuliza. Mchezaji wa kiwango changu hupoteza mpira kabla haujazeeka. Mipira yangu mingi huishi mashimo sita, saba. Wachache huvuka raundi mbili, na hao ndio huhitaji mkadiriaji.

Alama ya kalamu, nyasi, udongo mwekundu wa Nairobi unaoacha vazi la kutu: hayo ni uchafu, pangusa. Rangi iliyofifia bila kukwaruza, endelea. Mkwaruzo unaoukwamisha ukucha na kuchanika kwa nyuzinyuzi, kama vile mpira umeota manyoya, huo umepigwa na weji kali au umegonga njia ya zege, na ganda la yurethani huumia hivyo kwa urahisi kuliko la Surlyn. Mimi huuweka kwenye mfuko wa mazoezi. Ufa, hata mwembamba kama unywele, ni kifo. Hasara kamili. Mpira wenye ufa hutoa mlio wa chungu kilichopasuka, utausikia kabla ya kuuona.

Katikati ya shimo kanuni ni kali kidogo, Kanuni ya 4.2. Unaweza kubadilisha mpira uliopasuka au kukatika wakati unacheza shimo hilo. Uliokwaruzika tu au kubanduka rangi, huwezi mpaka umalize. Ukitaka kuukagua, weka alama kwanza, inua, usiupanguse. Jirani yangu wa raundi za Jumamosi hupangusa kwanza kisha ndiyo huuliza. Kati ya shimo na shimo, badilisha utakavyo.

Mwaka 2023 nilikwenda klabu ya Muthaiga kutazama Kenya Open, mashindano yaliyoanza 1967. Nilisimama nyuma ya grini moja na nikaona mchezaji akimaliza shimo, akautazama mpira wake, akamrushia mtoto pembeni, akatoa mwingine. Nilimwomba mtoto anionyeshe. Ulikuwa na mkwaruzo mmoja kama mstari wa penseli. Mkwaruzo ule, kwake, katika pigo la mita 240, ni mita kadhaa za kupotoka. Kwangu mimi ungekuwa kamera ya Krismasi. Mtoto aliurudisha mfukoni haraka, akiniona ninavyoutazama.

Jingine linalosahaulika ni buti la gari. Miezi ya Januari na Februari gari likiegeshwa juani mjini, buti ni tanuri, na joto la kila siku si rafiki wa kitu chochote cha mpira. Mimi sasa naingiza mkoba ndani. Ikihifadhiwa mahali pa kivuli, mipira ya kisasa hukaa miaka bila shida, hivyo usitupe dazeni ya zawadi kwa sababu tu ni ya harusi ya mwaka juzi.

Nilijaribu pia lile la chumvi. Unakoroga maji yenye chumvi nyingi mpaka mpira uelee, unauzungusha, na kama upande ule ule unarudi juu kila mara, mpira una mzigo upande mmoja. Ilinichukua pakiti ya nusu kilo kwa lita mbili za maji. Mama mkwe akaingia jikoni, akakuta sufuria yake na mipira sita ya njano ndani. Akaifunika polepole, akatoka. Mmoja kati ya sita ulikuwa na upande. Sufuria nilinunua nyingine.

Na mkienda Pwani, msiulaumu mpira. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, mpira huenda mbali zaidi na hupinda kwa kiasi kidogo kuliko Pwani. Nilikwenda Nyali na chuma saba yangu ya mita 120, ikanipa 113 hivi, na kile kipindo changu cha kulia ambacho Nairobi ni tabia ndogo, kule kikawa ulevi. Nilibadilisha mipira mitatu siku hiyo kabla sijagundua kwamba kilichobadilika ni hewa.

Jumapili iliyopita tukafika shimo la saba. Mpira wangu wa njano ulikuwa umemaliza mashimo 31, rekodi yangu, na una mkwaruzo mmoja ambao tumeujadili na Mzee wiki nzima bila kukubaliana. Ng'ambo, kijana wa bwawa alikuwa amekaa kwenye jiwe, mfuko wa vitunguu magotini, kaptura bado kavu. Alinipungia.

Mzee akafungua zipu ya mkoba. "Ule wa zamani, Madam, ama nitoe mpya?"

"Mpya."

Akanitazama, akautoa kwenye boksi, akaupangusa kwa kitambaa ingawa haukuwa na chochote cha kupangusa. Nikauweka juu ya kijiti cha tii. Vitone vyangu vitatu bado vilikuwa vinanuka rangi. Nikapiga chuma saba bila kufikiria kitu isipokuwa bendera, na mpira ukapanda, ukavuka matete, ukavuka maji yote, ukaangukia ukingo wa grini ukateleza hatua nne.

Ng'ambo ya bwawa, kijana alisonya.